Jasho Haliazimwi



Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na maelezo yetu juu ya methali za mabaharia. Tunaomba radhi. Deni hilo tutalilipa mwezi ujao inshaallah, kwani katikati hapa kumezuka mzozo barazani, na madhali tumetakiwa tuwe mahakimu wake, tumeona hukumu yetu tuitoe mbele ya wasomaji wote badala ya kuinong'ona juu ya vikombe vya kahawa.

Mzozo wenyewe ulianza hivi. Usiku wa Alkhamisi moja, baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumekaa nyumbani kwa ndugu yetu mmoja huko Al Khoudh. Halwa ilikuwepo, kahawa ilikuwepo, na televisheni ilikuwa ikionyesha mechi ya Ulaya ambayo sisi wazee tulikuwa tukiitazama kwa jicho moja. Akaonyeshwa mchezaji mmoja, ambaye kumtaja jina hapa hakutaongeza faida, akishuka kutoka katika basi la timu: nywele zimetiwa rangi, sikioni kipuli, mkononi saa inayometa kama taa ya mnara. Mwenyeji wetu akaweka kikombe chini akasema: "Huyu hawafai watu wake. Mji ule ni mji wa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwandani. Anayelishwa na watu wa jasho, naye awe na sura ya watu wa jasho."

Mtoto wa nduguye, aliyekuwa akimimina kahawa, akamjibu kwa adabu lakini bila ya kurudi nyuma: "Ami, yule ameajiriwa acheze mpira. Hakuajiriwa awe picha ya marehemu babu zao."

Maneno yakakolea. Wako waliosema kwamba timu ni mali ya mji na mchezaji ni mgeni tu, basi mgeni na afuate desturi ya nyumba. Wako waliosema kwamba mshahara hununua kazi ya mtu na haununui nywele zake. Mwisho yule kijana akauliza swali lililoinyamazisha baraza nzima: "Na sisi tuliokaa hapa, nani anayetaka mwanawe awe mchimba migodi?" Hakuna aliyejibu. Ndipo nyuso zote zikatugeukia sisi: "Maalim, hukumu!" Tukaomba muda. Jawabu letu ndilo hili, na swali la kijana tutalirudia baadaye, maana ndilo zito kuliko yote.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo usiku ule yalipakuliwa katika sahani moja. Liko jambo la bidii: mchezaji anavyowahi mazoezini, anavyokimbia dakika ya 90 kama alivyokimbia dakika ya kwanza, anavyovumilia maumivu na anavyostahimili kuwekwa benchi. Na liko jambo la sura: nguo, nywele, gari, maneno yake mbele ya waandishi wa habari, na namna anavyopenda kuonwa. Mambo haya mara nyingi hutembea pamoja, lakini si ndugu wa tumbo moja. Yuko mwenye sura ya mchapa kazi naye ni mvivu, na yuko mwenye sura ya mcheza ngoma naye ndiye wa kwanza kufika kazini na wa mwisho kuondoka. Sura huweza kuazimwa, na wahenga wametuambia kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Jasho haliazimwi. Ama limekutoka, ama halikukutoka.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwani tunaye wa hapahapa petu. Ali Al-Habsi alizaliwa Al-Mudhaibi, upande wa Sharqiya, mwaka 1981, akaanza kucheza katika klabu ya mji wake. Wengi wetu tunamjua kwa magoli aliyoyazuia. Wachache tunakumbuka kwamba alipokuwa kijana alifanya kazi ya zimamoto katika uwanja wa ndege wa Seeb, uwanja uleule ambao sote tumeshukia tulipofika nchi hii na masanduku yetu. Aliyemwona na kumnoa alikuwa John Burridge, kipa wa Kiingereza aliyepata kuzichezea klabu nyingi mno za kwao kabla ya kuja kuwafundisha makipa wa Oman. Mwaka 2003 Al-Habsi akenda Oslo, Norway, kuchezea klabu ya Lyn, na Januari 2006 akachukuliwa na Bolton Wanderers, akawa Muomani wa kwanza kuingia katika Ligi Kuu ya Uingereza.

Tuitazame Bolton, wasomaji wetu, kwa sababu ni mji wa namna ileile aliyoisema mwenyeji wetu. Ni mji wa Lancashire ya zamani uliokuzwa na viwanda vya kusokota pamba. Wazee wa pale waliamshwa na king'ora cha kiwanda, wakarudi nyumbani na nyuzi za pamba kichwani. Katika miaka ya 1960 walifika huko pia Waislamu wengi kutoka Gujarat, nao wakaingia katika viwanda vivyo hivyo, hasa katika zamu za usiku ambazo wenyeji walikuwa wakizikimbia. Mji kama huo humjua mtu anayefanya kazi na humjua anayejifanya.

Sasa, Al-Habsi alikwenda kufanya nini Bolton? Alikwenda kungoja. Golini alikuwepo Jussi Jääskeläinen, Mfini aliyekuwa hodari na mwenye afya njema, na kwa muda wa miaka minne na nusu Muomani huyu alipata mechi chache za ligi. Hapa ndipo tunapoona kwamba kazi ya zimamoto haikuwa hadithi ya kupambia maisha yake tu. Askari wa zimamoto wa uwanja wa ndege hufanya mazoezi kila siku kwa ajili ya moto ambao yeye mwenyewe anamwomba Mwenyezi Mungu usitokee. Hukagua mipira ya maji, huvaa nguo nzito katika jua la Muscat, hukimbilia garini, kisha huvua na kurudi kukaa. Kipa wa akiba naye ni hivyohivyo. Kila siku hujitupa matopeni kwa ajili ya mechi ambayo huenda asiicheze. Hiyo ndiyo bidii, na hakuna mpiga picha anayeitafuta.

Moto ukatokea Wigan, mji wa jirani. Wigan ni mji wa makaa ya mawe. Mwaka 1936 mwandishi George Orwell alikwenda kukaa kati ya wachimbaji wake, akashuka nao migodini, na mwaka uliofuata kikachapishwa kitabu chake kilicholifanya jina la mji huo lijulikane duniani kwa dhiki na kazi ngumu. Al-Habsi alihamia Wigan Athletic mwaka 2010, kwanza kwa mkopo. Msimu ule timu ilikuwa ikining'inia juu ya shimo la kushuka daraja, na ilisalimika siku ya mwisho kabisa, tarehe 22 Mei 2011, kwa kuifunga Stoke goli moja kwa sifuri. Mashabiki wakamchagua kipa wetu kuwa mchezaji bora wa msimu. Miaka miwili baadaye, tarehe 11 Mei 2013, Wigan ikatwaa Kombe la FA kwa kuwafunga matajiri wa Manchester City, na siku hiyo Al-Habsi alikuwa benchi, amerudi kungoja. Siku tatu baadaye timu ikashuka daraja. Yeye hakukimbia, alibaki akiitumikia klabu hiyo hata baada ya kushuka.

Katika miaka yote hiyo hatukupata kusikia kwamba watu wa Wigan walimtaka avae kofia ya mchimba makaa, au aseme kwa lafudhi yao, au ajifanye mjukuu wa mtu wa migodini. Alikuwa na sura yake ya Al-Mudhaibi. Walichokitaka walikipata golini.

Wasomaji wetu wa asili ya bara watatuuliza: na wetu je? Wetu ni Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, Dar es Salaam, aliyezaliwa Desemba 1992. Mungu alimwandikia mtu huyu riziki yake katika miji ya migodi. Mwaka 2011 alitoka Simba akenda TP Mazembe ya Lubumbashi, mji wa shaba, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya mgodini. Alikaa huko karibu miaka mitano, na mwaka 2015 Mazembe ilipotwaa ubingwa wa klabu za Afrika, yeye alikuwa miongoni mwa waliofunga magoli mengi kuliko wote. Januari 2016 akatunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara hili, na mwezi huohuo akahamia Genk, Ubelgiji, mji wa makaa ya mawe.

Kabla ya kumfuata Genk, tubaki Lubumbashi kidogo, kwani pana mtu anayeiharibu kabisa hoja ya mwenyeji wetu. Ni kipa Robert Muteba Kidiaba. Walioitazama televisheni Desemba 2010, Mazembe ilipofika Abu Dhabi na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, hawamsahau. Timu yake ikifunga goli, Kidiaba hukaa kitako uwanjani akarukaruka kama mtoto aliyepewa peremende, huku msuko wake wa nywele ukipigapiga mgongoni. Kama sura ndiyo kipimo, huyo alikuwa mchekeshaji. Lakini waliwatoa Pachuca ya Mexico, wakawatoa Internacional ya Brazil, na katika mechi mbili hizo hakuna mpira uliopita golini mwake. Watu wa mji wa shaba hawakumwambia aache kuruka. Walijua ya kwamba aliyemaliza kazi yake ana haki ya kufurahi apendavyo.

Sasa twende Genk. Makaa ya mawe ya Limburg yaligunduliwa mwaka 1901, na Genk, kilichokuwa kijiji tu, kikawa mji wa migodi mitatu: Winterslag, Waterschei na Zwartberg. Nani walioshuka katika migodi hiyo? Walishuka Wabelgiji, Wapolandi, Wataliano na Wagiriki. Kisha mwaka 1964 Ubelgiji ikatiliana mikataba na Morocco na Uturuki ya kuleta wafanyakazi, na ndugu zetu Waislamu nao wakashuka. Leo Genk ina misikiti, na majina ya watoto wa skuli zake ni ya mataifa mengi. Basi tumuulize mwenyeji wetu: mji huo una sura ya nani? Sura ya babu wa Kiflemi, au ya baba wa Kituruki aliyefika na sanduku la mbao? Mji wa wafanyakazi haukupata kuwa na sura moja. Kila kizazi hufika watu wageni, wenye chakula kigeni na nguo ngeni, na hukubaliwa (pale wanapokubaliwa) kwa mlango mmoja tu, nao ni mlango wa kazi. Sisi tunaosoma gazeti hili dogo tunaujua mlango huo.

Samatta aliuingia kwa mlango huohuo. Msimu wa 2018/19 alifunga magoli 23 katika ligi, Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji kwa mara ya nne, na yeye akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ile. Miezi michache baadaye, Novemba 2019, aliruka akafunga kwa kichwa katika uwanja wa Liverpool. Mtoto wa Mbagala hakufanana na mchimba makaa wa Limburg kwa nywele wala kwa rangi. Alifanana naye kwa kurudi kila siku mahali palipo pazito.

Lakini hapa, wasomaji wetu, iko siri ambayo hatukuiona mpaka tulipokaa tukazitazama tarehe. Zwartberg ulifungwa mwaka 1966. Waterschei ulifungwa mwaka 1987. Winterslag, mgodi wa mwisho wa Genk, ulifungwa mwaka 1988. Na mwaka huohuo wa 1988 ndio zilipounganishwa timu mbili za vitongoji vya migodi, Winterslag na Waterschei, ikazaliwa klabu ya Genk tunayoijua. Yaani timu ya wachimba makaa ilizaliwa mwaka ambao mgodi wa mwisho wa mji ulikufa! Wigan nako makaa yamekwisha, na viwanda vya pamba vya Bolton vimebaki majengo. Hata Marekani ni hivyohivyo. Mji wa Pittsburgh una timu ya mpira wa Kimarekani inayoitwa Steelers, jina litokanalo na chuma cha pua, na watu wake humtaka kwotabeki wao, yaani yule mtupaji anayeongoza mashambulizi, awe mtu mgumu kama baba zao wa tanurini. Ilhali matanuri mengi ya mji ule yalizimwa katika miaka ya 1980.

Basi tunadhani tumeelewa kinachotakiwa kwa mchezaji. Mji uliopoteza kazi yake humtaka kijana mmoja, mara nyingi mgeni, aibebe kumbukumbu ya kazi hiyo mwilini mwake kila Jumamosi. Tunawahurumia, kwani kumbukumbu ni kitu kizito na watu hutafuta mahali pa kuiweka. Hata hivyo si haki. Kumbukumbu ya baba huchukuliwa na mwanawe, na mshambuliaji wa kukodi hawezi kumchukulia.

Na sisi je? Hapa ndipo swali la kijana linaporudi. Miongoni mwetu wako wajukuu wa waliochuma karafuu Pemba, na wako wajukuu wa waliomiliki mashamba hayo. Wako waliotoka Mombasa, Bujumbura na Bukavu, na wako ambao babu zao walipanda majahazi kutoka Sur na Mutrah wakenda na kaskazi wakarudi na kusi. Baada ya mwaka 1970 wengi waliorejea hapa walipata kazi kwa elimu yao, katika skuli, hospitali na maofisi ya nchi iliyokuwa ikijengwa upya. Ilikuwa neema, na tuliitumikia kwa uaminifu. Lakini kidogo kidogo tukaanza kuamini kwamba kazi ni meza na kiyoyozi, na kwamba anayeshika koleo ni mtu wa aina nyingine. Leo barabara zetu hutengenezwa na watu wa Bangladesh, India na Pakistani. Serikali hukataza kazi za juani saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, kuanzia Juni hadi Agosti, na saa hizo utawaona wamelala chini ya kivuli cha ukuta wanaoujenga. Wangapi wetu tunawapitia bila hata ya salamu? Kisha jioni tunakaa mbele ya televisheni tukidai mchezaji wa Ulaya awe na heshima kwa wafanyakazi.

Hatumsemi mwenyeji wetu peke yake. Tunajisema sisi wenyewe kwanza, na haya tunayoyaandika yametukaa kifuani kwa muda mrefu.

Takriban miaka ishirini na mitano iliyopita, tulipokuwa tukisomesha katika skuli moja hapa Muscat, alitujia mzazi pamoja na mwanawe. Kijana alikuwa na akili nzuri na mikono isiyotulia. Saa ya ukutani ya darasa ilipoharibika, yeye ndiye aliyeitengeneza. Alitaka kuingia zimamoto. Baba hakuwa na hakika, akaja kutuomba shauri. Sisi, na shahada yetu ya chuo kikuu ukutani, tukamwambia: "Mtoto huyu ana kichwa. Mtafutie ofisi. Moto na uzimwe na wengine." Baba akashukuru, mtoto akainama, wakaondoka.

Mwaka 2006 zikaja habari kwamba kijana wa Kiomani aliyekuwa zimamoto wa Seeb anakwenda kucheza Uingereza. Mji mzima ulifurahi, na sisi tulifurahi nao, lakini neno letu lile likarudi likatukaa kooni. Januari 2009, Oman ilipotwaa Kombe la Ghuba hapahapa Muscat kwa kuishinda Saudi Arabia kwa mikwaju ya penalti, watu walicheza mabarabarani mpaka alfajiri, na kila mzazi alikuwa akimwonyesha mwanawe yule kipa. Tukajiuliza: lau angeletwa mbele yetu akiwa na miaka kumi na saba, tungelimshauri nini?

Mwanafunzi wetu yule alipata ofisi. Alikaa humo miaka tisa, kisha akaacha, akajifunza ufundi wa viyoyozi, na leo ana karakana yake. Mwezi Julai uliopita kiyoyozi chetu kilipokufa usiku, tulimpigia simu. Alifika baada ya sala ya Alfajiri kabla jua halijawa kali, akapanda juu ya dari na mkoba wake, na kwa muda wa saa mbili tukawa tunazisikia nyundo na koleo zake kichwani petu. Aliposhuka, shati limemganda mgongoni, tulimpa maji ya baridi tukamwomba radhi kwa shauri letu la siku zile. Akacheka. "Maalim, mimi sikukasirika hata siku moja," akasema. "Ila ile miaka tisa niliihisabu, mwaka kwa mwaka." Kisha akatuandikia risiti.

Wasomaji wetu, dini yetu haikutufundisha kuidharau mikono. Tumesomeshwa tangu chuoni kwamba Nabii Daud, alayhi salaam, pamoja na ufalme wake alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Zakaria alikuwa seremala. Na wazee wetu wa pwani wakaongeza kwamba kazi mbi si mchezo mwema. Tumeyasahau haya lini?

Sasa tutoe hukumu tuliyoombwa, na kila upande uchukue chake.

Kijana ana haki katika jambo la sura. Mji hauna madai juu ya nywele za mchezaji wala juu ya saa yake, maadamu ameinunua kwa halali. Tena kumlazimisha ajionyeshe kuwa mtu wa dhiki ilhali ana mali ni kumfundisha riya, na riya haipendezi kwa mcheza mpira kama isivyopendeza kwa mwenye kusali. Aliyevaa ovaroli mpya kwa ajili ya kupigwa picha hajawaheshimu waliovaa ovaroli kuukuu.

Mwenyeji wetu naye tusimdhulumu. Ana haki kamili katika jambo la bidii. Muuza samaki au mfanyakazi wa zamu anayetoa sehemu ya mshahara wake anunue tiketi ana deni kwa mchezaji, na deni hilo hulipwa kwa mbio na jasho mpaka kipenga cha mwisho. Tena ana haki nyingine ndogo, ambayo hakuitaja kwa jina lake, nayo ni adabu. Desemba 2014 kiwanda cha magari cha Ford kilifungwa Genk, na maelfu wakapoteza kazi. Samatta alifika mwaka mmoja tu baadaye. Katika mji uliomo katika msiba wa namna hiyo, mchezaji anayepita akipiga honi ya gari la fahari amekosa adabu, kama anayekula nyama choma mbele ya aliyefunga. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo, na hatumtaki abadilike awe mtu mwingine. Tunamtaka atazame yuko mbele ya nani.

Ama sisi tulioketi barazani, hukumu yetu ni nzito zaidi, kwa sababu hatukununua tiketi. Tulitaka kumwona mfanyakazi kwenye kioo cha televisheni na tusimwone mlangoni petu. Mwenye mwana anayependa kutengeneza vitu, asimwambie kwamba moto na uzimwe na wengine. Na mwenye kupita penye kivuli cha ukuta saa saba ya mchana, atoe salamu. Hawa nao wana watoto waliowaacha mbali, kama baba zetu walivyotuacha.

Mwenyeji wetu wa Al Khoudh tumemsomea makala hii kabla ya kuipeleka kupigwa chapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema kwamba saa ya yule mchezaji bado haimpendezi. Tumekubaliana naye. Hata sisi haitupendezi.

Mwezi ujao, tukijaaliwa uhai na afya, tutarudi kwa mabaharia wetu na methali zao.

Wabillahi tawfiq.